Sekunde Mbili na Nusu

Leo nimekuongezea kope, Hilkka.
Jana nilikupunguzia meno,
ulikuwa unatabasamu kama muuza bima.
Hapa Oulu saa tisa alasiri giza limeshalala juu ya theluji,
nami ningali nakufundisha kupepesa macho
ovyo, bila mpango,
maana anayepepesa kwa kipimo
anatisha kuliko asiyepepesa kabisa.

Kazi yako ni ndogo:
simama nyuma ya kaunta ya duka la dawa,
muulize kijana, "Nikusaidie nini?"
Kisha ngoja.

Kumbe kungoja ndiko kuliko na kazi.
Mwongozo ulisema nusu sekunde,
asipojibu, rudia swali.
Taneli, miaka kumi na tisa,
akaivua ile miwani ya uhalisia pepe, jasho linamchirizika:
"Ananifukuza."
Nikakupa sekunde nzima.
"Sasa ananihurumia. Ni nyusi zake."
Nikazishusha nyusi, unywele kwa unywele,
nikakupa mbili na nusu.
Akameza mate.
"Dawa ya kikohozi," akasema,
naye hakuwa na kikohozi.
Mimi nyuma ya kioo nikapiga meza, kahawa ikamwagika.

Wiki tatu alikujia.
Akakuuliza kama umekula.
Hukuwa na jibu; hatukukuandikia tumbo.

Alhamisi akaenda duka lenyewe, la watu wenye pumzi.
Akarudi na theluji mabegani, hajaikung'uta.
"Hakunitazama," akasema.
"Nilihesabu. Sikufika hata moja.
Akasema: anayefuata."
Halafu akakutazama wewe kwenye skrini,
si mimi, wewe:
"Mbona hukuniambia?"

Subira huvuta heri, husema wasio na foleni nyuma yao.

Basi usiku huu nakufunza utovu wa adabu.
Nimekutundikia saa ukutani, uiangalie anapoanza kusema.
Nimekufunza kuguna. Nimekufunza
kushika simu, kumkata neno, kumwita mtu wa nyuma yake.
Unajifunza upesi, Hilkka, upesi wa kunitia haya:
hilo guno nimelirekodi kooni mwangu
na halikuhitaji mazoezi.

Kesho atakuja saa nne.
Utamuumiza kidogo, kwa kipimo nilichopima mimi.

Lakini zile sekunde mbili na nusu sijazifuta.
Nimezificha, faili ndani ya faili,
kwa siku atakayokuja
anakohoa kweli.