Stakabadhi za Bombo

Ufadhili una masharti: kila saa iwe na stakabadhi,
kila stakabadhi iwe na sahihi,
na bibi yangu Mastula hana sahihi, ana kidole.
Basi mimi ndiye niliyeandika, miezi tisa,
kwa kalamu ya buluu, juu ya meza ya cherehani:
"Zimepokelewa shilingi elfu thelathini,
saa mbili za Kinubi."
Bibi akachovya dole gumba, akaligonga karatasini
kama anayeua inzi.

Ingvild alitoka Bergen, kwenye mvua, alisema,
isiyojua kupumzika.
Siku ya kwanza, kabla hata ya kuvua viatu, akaomba moyo.
Kwa Kinubi moyo ni maji tu.
Nikamletea kikombe, akanywa,
nami nikacheka kwa Kiswahili, peke yangu.

Fomu zake zilimwita bibi "mtoa habari".
Habari zipi? Yeye si redio.
Nikafuta, nikaandika "mwalimu".
Wakairudisha: maneno ya fomu yasibadilishwe.

Nisifiche: mimi pia niliomba.
Mwaka juzi, kwenye mkahawa wa intaneti Wandegeya,
kila dakika na shilingi zake, nilijaza kurasa kumi na moja.
Shahada ya uzamili, lugha zisizofundishwa sana,
gharama zote, tiketi ya ndege, hata koti la baridi.
Wakajibu kwa heshima:
mwombaji hawezi kufadhiliwa kujifunza
lugha aliyozaliwa nayo.
Nilisoma mara tatu. Aliyozaliwa nayo!
Baba alinilea Jinja, kwa Kiswahili na Kiingereza cha ripoti za shule.
Kinubi nilikisikia nikiwa nyuma ya mlango,
wakubwa wakigombana kuhusu urithi.
Sikuweza hata kuhesabu kupita ishirini.

Kwa hiyo nilijifunza hivyo, kikarani.
Saa zake mbili zilikuwa zangu pia,
ila zangu hazikuandikwa popote.
Ingvild akiuliza kitenzi, nami nategesha sikio.
Akikosea, nakosea naye kimyakimya.
Bibi anasuka ukindu, mwekundu juu ya kijani,
hamtazami mtu.
"Tena."
"Tena."
"Na huyo anayeandika aseme, midomo yake inacheza."

Juni, pesa zikakatika.
Huko kwao kuna mtu alichora mstari juu ya bajeti,
na mstari ukafika mpaka Bombo, barazani kwetu.
Ingvild alilia jikoni, akaosha sufuria ambazo hazikuwa chafu,
akaniachia koti la baridi.
Koti. Bombo.
Linaning'inia nyuma ya mlango kama mgeni asiyeaga.

Halafu ikaja barua: mtihani wake wa mazungumzo umerekodiwa,
lakini chuoni kwao hakuna awezaye kuusahihisha.
Je, Bi Mastula angekubali?
Tukausikiliza kwenye simu, bibi ameinamisha kichwa,
malori ya Gulu yakipita na kukata sentensi katikati,
turudishe nyuma, tusikilize, lori jingine.
"Sitini na moja," akasema. "Andika.
Anameza miisho ya maneno
kama mtu anayeogopa kulipishwa."

Fomu ikauliza: sifa za kitaaluma za mtahini.
Kalamu ikasimama.
"Andika nimezika waume wawili kwa lugha hii,"
bibi akasema, mikono haijaacha ukindu,
"na nimekopa sukari kwa lugha hii, nikapewa."
Nikaandika yote. Nafasi haikutosha,
nikapinda na kupanda ukingoni mwa karatasi.

Akagonga dole lake. Akalifuta kwenye kanga.
Kisha, kwa Kinubi, bila kunitazama:
"Na wewe? Nikupe ngapi?"

Sikumjibu upesi.
Nilikuwa natafuta, kwa Kinubi,
namba iliyo juu ya ishirini.