Sekunde Tatu za Mwisho

Bakuli la sukari la kauri, rangi ya samawati,
mfuniko wake una ndege aliyevunjika mdomo.
Lilipotea mwaka wa sabini na tisa, mama alipohama nyumba.
Vikombe vitano vikabaki kabatini
kama kikao kilichokimbiwa na mwenyekiti.

Miaka arobaini baadaye nikaliona mnadani, mtandaoni,
limepigwa picha juu ya taulo, pembeni mwa rula.
Nikaweka dau: euro kumi na moja.
Siku sita nilikaa kileleni peke yangu.
Nilikoroga supu simu ikiwa mfukoni mwa aproni,
nilipanda treni yetu ya Wuppertal, ile inayoning'inia juu ya mto
kama popo mwenye haraka,
na kila kituo nikichungulia: bado ni mimi.
Bado ni mimi.

Jumapili, saa mbili na dakika kumi na nne usiku,
zikiwa zimesalia sekunde tatu,
akatokea m*7.
Jina hana. Ana herufi, vinyota vitatu na saba,
na kidole chepesi kuliko cha mchomoaji pochi.
Kumi na moja na senti hamsini.
"Pole, Detlef," ukurasa ukaniambia, "ulikaribia sana."
Kukaribia kunanywewa kahawa?

Machi likatokea jingine, lenye ufa. m*7.
Mei la tatu, halina hata mfuniko. m*7.
Mtu mmoja, jamani,
anakula sukari kiasi gani?

Jino la pembe si dawa ya pengo, nikasema,
acha niviuze na vikombe.

Kumbe kuuza nako kuna adhabu yake.
"Bei ya mwisho?" huyo hata salamu hakutoa.
"Vinaingia kwenye mashine ya kuoshea vyombo?" saa nane usiku.
Mwingine alinisimulia shangazi yake mgonjwa, aya nne,
ya tano akaomba nivitume bure.
Friedhelm wa Bremen alishinda, kisha akawa bubu;
nilimkumbusha kwa adabu wiki mbili
akajibu: "Paka alikanyaga kitufe."
Wenye mnada wakakata ada yao,
paka si hoja kwao.

Nikaanza upya. Jumapili tena. Sekunde tatu.
Mnamjua.

"Goti linanisumbua," aliandika, "unaweza kuniletea?"
Vohwinkel, kituo cha mwisho.
Nilipakata boksi njia nzima, nikifanya mazoezi ya maneno makali.
Mlango ukafunguliwa na ajuza mwenye ndara za manyoya:
Mechthild Ossenberg, wa mwaka wa thelathini na saba.
Mezani kwake, juu ya kitambaa,
la kwanza, la pili lenye ufa, la tatu lisilo na mfuniko.

"Niuzie moja."
"Siuzi."
"Taja bei."
"Kijana, siuzi."

Nina miaka sitini na tatu.

Akavifungua vikombe kimoja kimoja,
akavigonga kwa kijiko, sikio limeinama.
Cha kwanza kililia vizuri. Cha pili, cha tatu.
Cha nne kikakohoa.
Nilikuwa najua.
Nilikipiga picha kwa upande wake mzuri.

Hakusema kitu. Akamimina kahawa humo humo
akanisogezea, na mstari mwembamba wa kahawia
ukaanza kuteremka kuelekea sahani.
Akainua mfuniko wenye ndege.
Harufu ya kabati la mama haikuwemo,
ilikuwa sukari tu, imeganda kidogo pembeni.
"Kimoja au viwili?"
Mimi daktari alishanikataza sukari.
"Viwili," nikasema, sauti ikaniponyoka kidogo,
nikatazama dirishani treni ikigeuza.

Usiku ule nilipokea tathmini yangu.
Nyota nne kati ya tano.
Maelezo: Kikombe kimoja kinavuja.
Muuzaji pia.