Tak ya Pili

Saa moja, ugali bado unafuka,
Mama anabonyeza pakiti kwa kidole gumba:
tak. Kidonge cheupe kiganjani.
Tak ya pili ni yangu.

Yake ni sukari.
Miaka kumi na tisa alipalilia miwa ya kampuni hapa Shibale;
sukari ikatulipia karo, ikatuezekea mabati,
kisha kiwanda kikanyamaza
nayo, kama mdai asiyesahau mlango,
ikahamia ndani ya damu yake.

Yangu ni mwezi usioandama.
Miezi mitano. Saba. Ndevu tatu kidevuni.
Daktari kule Kakamega alichora duara,
akalizungushia vidoti kama shanga, mayai yasiyokomaa,
akaandika jina nililolijua kutoka juu ya kabati,
pale Mama anapoweka Biblia na risiti za stima.
“Hii ni ya Mama,” nikasema.
“Na yako pia.”

Wiki ya kwanza tumbo lilinikimbiza chooni usiku.
Mama alinishikia tochi, anacheka:
“Kula kwanza, ndipo umeze!”
Kinanuka omena, kidonge hiki. Hilo hakuniambia mtu.

Abisagi wa jirani alikiona mkobani.
Kufikia Jumapili kanisa zima lilijua nina kisukari,
na mama yake Wetaba, mkwe wangu mtarajiwa,
akanimiminia chai kavu, isiyo na sukari,
kwa huruma iliyochoma kuliko birika.
Nikainywa.
Heri wanihesabie sukari
kuliko waanze kunihesabia wajukuu.

Nesi wa kliniki ya Jumanne anasema
wapo wataalamu wanaochunguza
kama kinaweza kuchelewesha uzee.
“Wamepata nini?”
“Bado wanahesabu.”
Mama akavua kandambili, akautazama unyayo wake
ulioota jeraha bila kumpigia hodi.
“Uzee uje tu, nimeshaupikia.
Mimi nataka kukanyaga tope nisikie baridi.”

Leo alfajiri nimefua shuka.
Mama amepita kambani, ameshika pindo lake,
doa halijatoka lote.
Hakusema kitu. Ameingia jikoni
akakoroga uji, akaimba pua tupu.

Mwisho wa mwezi. Pakiti imebaki na tundu moja lisilopasuliwa.
“Meza wewe,” anasema, “mimi nimeshameza.”
Nami nimeshamwambia hivyo hivyo.
Kiko mezani, kati ya sahani mbili.
Uji unapoa.