Kifuniko cha Pipa

Mwaka walipokuja na orodha, kule Hemchik,
Bibi Sevekmaa alikuwa ameshaigeuza ngoma yake
kifuniko cha pipa la unga.
Wakahesabu kondoo, wakahesabu vijiko,
wakanywa chai yake ya chumvi, wakaenda zao.

Theluji ilipoziba mlango, hema likawa kilinge.
Akaiotesha moto ile ngozi ya kulungu
(ikiwa na baridi haisemi, alinong'ona, kama mimi tu),
akaigusa kwa ncha za vidole,
polepole, kama anayebisha hodi
kwake mwenyewe.

Mgonjwa alikuwa mwana wa karani
aliyeiandika ile orodha.
Baba mtu yuko nje, kashika farasi,
hasikii kitu.

Asubuhi tulikula mkate.
Wangu ulikuwa na unyoya mmoja, mfupi, wa kahawia.
Nikaumeza.