Toka Maua Hadi Kunguru

Tiketi inasema: Flores hadi Corvo,
kilomita ishirini na kitu, dakika kumi na tano.
Kwa Kireno chetu ni toka Maua hadi Kunguru.
Haikusema dakika hizo ni za siku gani.

Leo ni siku ya nne.
Deolinda wa kaunta amechoka kunipa pole,
sasa ananipa kahawa.

Mfukoni nina meno ya mama.
Meno mapya, ya juu na ya chini,
nimeyafunga kwenye leso kama mayai ya njiwa.
Daktari aliyapima, akayachonga, akayarudia,
bado yametoka meupe mno
kwa mwanamke wa miaka themanini na mmoja.
Nikasema hayana neno, divai itayapaka rangi.

Jana alasiri ukungu ulifunuka kidogo,
kama mwenye deni anayechungulia
aone nani anabisha hodi.
Nikakiona kisiwa kizima:
kijiji kimoja, mawe meusi,
uwanja wa ndege umetandikwa mbele yake
kama mkeka mfupi kwa mgeni mrefu.
Nikahesabu mapaa toka kanisani. La tano letu.
Nikapiga simu. "Mama, naiona nyumba."
Akajibu kwa ufizi, maneno laini kama uji:
"Basi nipungie."
Nikapunga.
Fundi bomba mzima, mvi kichwani,
nasimama kwenye maegesho ya magari
naupungia ukungu, maana ulikwisha kujifunga.

Mashua? Bandari imefungwa tangu Jumanne.
Laurénio, aliyekumbatia pampu ya maji kama mtoto wa homa,
anasema Lisbon ndiko karibu.
"Lisbon ukienda, unafika."
Hakuna aliyecheka, kisha tukacheka sote,
hata yule mwalimu mgeni
ambaye hajawahi kufika kwetu
na ameanza kuamini hatupo.

Saa nane na dakika sita
Deolinda akainuka bila kutangaza kitu.
Ulikuwa mwinuko wa namna yake; tulimwelewa.
Kahawa zikabaki mezani zikifuka moshi.

Nilikusudia kuzihesabu hizo dakika.
Mkanda, mngurumo, bahari ikalala ubavu,
mhudumu akaanza kugawa peremende
na hakuifikia safu yangu:
magurudumu yalikuwa yamekwisha kugusa chini.
Kumi na moja kwa saa yangu.
Zile nne zilizobaki sijui nimdai nani.

Mama hakuuliza habari za safari.
Alipangusa mikono, akaipokea leso,
akageukia ukutani, maana ana haya.
Alipogeuka tena kipande cha jibini kilikuwa mkononi,
jibini kavu, la msimu uliopita,
lililokuwa likimsubiri kabatini.
Akauma.
Tukanyamaza wote wawili, tukisikiliza.

"Umechelewa," akasema,
kila herufi mahali pake.