Saa Nane ya Nani

Diski haikufa kwa kishindo.
Ililia mara tatu, kama panzi aliyebanwa dirishani,
ikanyamaza na harusi ya Andongwisye tumboni:
picha mia sita na arobaini,
na bibi yake bwana harusi akicheza na mkongojo wake,
bibi ambaye wiki ya pili tulimzika Masoko,
maji ya mvua yakimtangulia kaburini.

Walikuja studio, watu watano, wakakaa kwenye benchi.
Hawakudai fedha. Afadhali wangedai.
Mzee mmoja aliuliza tu, kwa upole,
kama zinaweza kupigwa tena.

Nikaenda Mbeya. Pale Mwanjelwa
duka la intaneti lilikuwa linafungwa;
nikanunua mashine moja iliyochoka, mgongo wazi,
na diski mbili mpya nilizozikumbatia kama mayai
hadi tukaivuka baridi ya Isyonje.

Nikaiweka mvunguni. Nyumba yetu haina chumba cha ziada.
Mama yangu, mahindi ya kula aliyaweka ghalani,
ya mbegu akayatundika juu ya jiko, ndani ya moshi,
na mwaka ule njaa ilipopiga hodi
hakuna aliyethubutu kuinua macho.
Nilimwona mchoyo.
Nimechelewa miaka thelathini kumwelewa.

Nikatoboa tofali, nikapitisha waya wa buluu
kutoka mezani hadi kitandani,
nikaandika amri, mstari mmoja:
kila usiku, saa nane, watu wakiwa wamelala,
kila kipya kilicho juu kishuke chini.
Nikaandika 8.
Nikalala kama mtu aliyemaliza deni.

Wiki tatu.

Subilaga, ambaye kitanda ni chake pia,
ndiye aliyesema, tukimenya ndizi:
"Hilo dude lako, mbona usiku halikoromi?
Linakoroma asubuhi, mimi nikitandika,
wewe na kompyuta yako mmeshafika sokoni."

Mtaka cha mvunguni. Nikainama.
Folda ishirini na moja, kila moja na tarehe yake,
zimepangwa vizuri, tupu,
kama vikombe vya wageni wasiofika.

Saa nane ya nani?
Sisi tunaanza kuhesabu jua likishachomoza:
saa moja ukungu bado umelalia chai,
saa mbili kengele ya shule.
Mashine inaanza katikati ya giza, peke yake,
na nane yake ndiyo mbili yetu.
Haikukosea. Ilinitii.
Hilo ndilo lililoniuma: ilinitii.

Nikafuta 8, nikaweka 2,
nikakaa macho kuisubiri.
Mvua ya Tukuyu, usiniulize ilianza lini, ilikuwa juu ya bati.
Saa nane, ya kwetu,
taa ya kijani ikapepesa chini ya miguu ya Subilaga,
feni ikavuta pumzi,
zikaanza kushuka: kipaimara cha Kiwira,
paspoti za wanafunzi, wote wamekunja uso,
kijana aliyekuja kupigwa na baiskeli mpya
akakataa kushuka juu yake.
Umeme ukakatika. Betri ikadaka.
Zikaendelea kushuka.

Asubuhi nikafuta picha moja kwa makusudi,
si ya mtu: mbuzi aliyefungwa mlangoni pa studio.
Moyo ulinienda mbio kwa ajili ya mbuzi.
Nikainama, nikamwita,
akarudi na kamba yake.

Andongwisye sijamwambia. Angeuliza.
Ila nimetengeneza folda moja,
jina lake na la mkewe, na ile tarehe ya Desemba.
Ndani hamna kitu.
Kila usiku saa nane mashine huifikia,
huifungua, haikuti kitu,
na huinakili.