Unyoya wa Mbuni

Ilikuwa zamu yangu kufunga ghala la kahawa, Igamba,
usiku ule tuliokutana nyuma ya mashine ya kukobolea.
Kufuli nililiacha linaning'inia, mdomo wazi,
kama mimi.
Asubuhi magunia kumi na moja hayakuwepo,
na Lwitiko, kabla sijafumbua kinywa,
alisimama mbele ya mkutano akasema: Ni mimi.

Wakamfukuza. Akavuka mto Songwe usiku wa mvua
kutafuta vibarua ng'ambo,
na maji yakamrudisha vipande vipande:
kwanza ndara moja,
kisha shati, kisha jina lake redioni.

Mama yake alikusanya alivyovipata.
Mimi nikakusanya vingine:
kifungo cha koti, tiketi ya basi la Vwawa,
mluzi wake, ambao bado umo kwenye bati la ghala
upepo wa Julai ukipita.
Nikavibeba hadi kwenye kimondo,
lile pande la chuma lililodondoka Mbozi
kabla vilima havijapewa majina.
Nilidhani nakwenda kulia tu.
Nikagonga mara tatu.
Likafunguka.

Ndani, mizani ya sahani mbili.
Mbweha ameshika kamba, masikio wima.
Karani ana kichwa cha kwarara,
kalamu nyuma ya sikio asilokuwa nalo.
Pembeni kalala mnyama, mdomo wa mamba,
kifua cha simba, makalio ya kiboko, anameza mate.
Na Lwitiko, miguu mitupu, anachuruzika maji,
moyo wake sahanini
kama tunda la kahawa lililoiva likapitiliza.
Sahani ya pili: unyoya wa mbuni.
Mbuni ndege, si mbuni mti,
ingawa pale nilihisi lugha yetu ilikuwa inajua kitu.

Moyo ukashuka.

"Ameua?" nikauliza. "Ameiba?"
Kwarara akafunua daftari, akasoma kwa puani:

    Mizani haina penzi,
    haipokei majonzi;
    uongo wa kumuenzi
    mtu, ni uzito pia.

Hila za mizani nazijua.
Nimekulia kati ya wanunuzi wenye kidole gumba kizito,
wenye jiwe chini ya gunia.
Gumba langu lilikwisha kufika hewani, juu ya unyoya,
Lwitiko akanitazama.
Hakusema usifanye.
Alitabasamu tu, na lile jino lake lililompanda mwenzake,
kama siku aliponihesabia punje za buni kiganjani
akapoteza hesabu makusudi
ili aanze upya.

Nikashusha mkono.
"Kufuli lilikuwa langu," nikasema.
Mnyama akainua kichwa.
"Kufuli lilikuwa langu, na ufunguo ulikuwa shingoni mwangu,
na nilikuwa namsubiri yeye,
na nilikuwa na furaha."

Haikupiga radi.
Kitu kama mvuke kikautoka ule moyo
na sahani ikapanda, taratibu,
kama mgonjwa anayejaribu kukaa kitandani,
mpaka zikawa sawa.
Karani akaandika: sifuri.

Hawakunirudishia. Wafu wana ratiba zao.
Lakini kwarara, akifunga daftari, alininong'oneza
kwamba aliye mwepesi hupewa usiku mmoja kwa mwaka,
mvua za kwanza zikigusa mashamba,
mbuni wetu, ule wa mti,
unapoota manyoya meupe na Mbozi nzima ikanukia.
Lwitiko akanishika kidole gumba, kile kile,
akakibusu.
Midomo yake ilikuwa na baridi ya chuma.

Sasa ni saa mbili asubuhi.
Ukumbi umejaa, mwenyekiti anapangusa miwani.
Mama yake Lwitiko kakaa safu ya mbele,
ile ndara moja mapajani.
Nimesimama. Neno ni lile lile,
nimeshalisema mara moja,
na huku juu ni zito zaidi.